Najat wa Mabatini, fundi anayepima bega kabla ya bunduki

Saa tatu asubuhi, Mabatini, jijini Mwanza. Jirani muuza vyombo ndiyo kwanza anapanga masufuria barazani. Nyuma ya dirisha la nondo, Najat Lukman ameinamia bunduki iliyolazwa juu ya kipande cha blanketi kuukuu. Hajaishika bado. Ameinusa tu.

"Sangara," anasema na kukunja pua.

Mzee aliyeketi kwenye benchi anacheka. Ni Luhaga, mkulima wa mpunga kutoka kijiji kimoja cha kandokando ya ziwa wilayani Misungwi, na bunduki ni yake. "Mafuta ya sangara hayana mpinzani, mwanangu," anasema. "Yanaunga mboga, yanalainisha ngozi, yanalinda chuma. Hayo ya kwenye kopo lako yanafanya kazi gani?"

"Yananisaidia nisipoteze hamu ya kula mchana, mzee wangu."

Anayefuatana naye ni binti yake, Dorotea, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Yeye hacheki. Amekunja kitenge kilichokuwa kimefunika bunduki hiyo tangu nyumbani, amekiweka mapajani, na macho yake hayatoki kwenye mikono ya fundi.

Silaha iliyo mezani ni bunduki ya kuwindia ya risasi moja. Haina magazini, yaani kisanduku cha kubebea risasi kadhaa. Inakunjwa katikati, risasi moja inaingizwa nyuma ya mtutu, inafungwa, inapigwa, basi. Ukitaka nyingine, unaikunja tena na kuanza upya. Silaha kubwa kuliko zote aliyowahi kushika mwandishi wa makala haya ni manati, kwa hiyo ilibidi aelezwe mara mbili, na mara ya pili Najat alieleza taratibu kama mwalimu wa chekechea.

Luhaga amekuja kutafuta neno moja. Leseni yake inakaribia kuisha, na kabla haijahuishwa, wahusika wanataka fundi aliyeidhinishwa aseme kwamba silaha hiyo bado ni salama. Ni Aprili, mpunga unatoa masuke, na viboko wameshaanza kupanda kutoka ziwani jioni jioni. Kijijini kwake, mtu mwenye ruhusa ya kuwafukuza kwa mlio wa bunduki ni yeye peke yake. Nguruwe pori nao wanamfahamu.

"Akisema ndiyo, tunakula wali," anasema Luhaga na kumnyooshea fundi kidole. "Akisema hapana, viboko ndio watakaokula."

Najat anaikunja bunduki, anachungulia ndani ya mtutu, kisha anaiweka chini. "Niachie hadi Ijumaa, mzee," anasema. "Haya mafuta yako yameshakuwa gundi."

Unyusi mmoja wa mzee hauna nywele, na ngozi yake imekwajuka. Najat anamuuliza kulikoni.

"Jiko la mkaa," Luhaga anajibu haraka. "Nilipuliza moto, moto ukanipuliza na mimi."

Dorotea anakunja kile kitenge upya, ingawa kilikuwa kimeshakunjwa vizuri.

Najat ana miaka arobaini na mitatu. Babu yake alikuja Mwanza kutoka Ujiji akiwa mhunzi, akamwoa Mkerewe, na watoto wao wakazaliwa na kukulia hapahapa mjini. Baba yake, Lukman, alianza kwa kutengeneza makufuli na cherehani, baadaye akapata kibali cha kukarabati bunduki za wakulima na wawindaji. Alifariki miaka tisa iliyopita. Karakana ni ileile, jiliwa la kubania vyuma ni lilelile, na hata blanketi la mezani ni lake.

"Mimi sikufundishwa," anasema Najat. "Nilikuwa naletwa hapa nisizurure. Baba alikuwa ananipa msasa na kipande cha mninga, ananiambia nisugue hadi niione sura yangu. Nikasugua mpaka nikawa fundi."

Wateja wengine bado hawajazoea fundi mwanamke. Mtu akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, Najat humwambia fundi ametoka kidogo kufuata vitumbua, hebu aketi amsubiri. Kisha anaichukua bunduki na kuanza kazi. Mteja akija kushtuka, mtutu umeshakuwa safi na vitumbua havijaonekana.

Kazi yenyewe si ya kutajirisha mtu. Kutengeneza kitako kipya, yaani ile mbao inayokaa begani, humwingizia kati ya laki moja na nusu na laki mbili na nusu, na huchukua karibu wiki mbili. Mwezi mzuri anapata kazi tano au sita, nyingi zikiwa ndogondogo. Mwezi mbaya ananoa visu vya wauza nyama na kufungua makufuli ya watu waliopoteza funguo. Mume wake ni mpaka rangi, na wana watoto wawili wanaosoma.

Kwa makadirio yake, katika kila bunduki kumi zinazopita mezani pake, saba ni za risasi moja. Mwandishi alitaka kujua sababu. Dunia imeshatengeneza bunduki za risasi tano na zaidi; kwa nini watu wa huku bado wanang'ang'ania ya risasi moja, kama vile mtu anayekataa simu janja na kubaki na ya vitufe?

"Wewe umeuliza halafu umejijibu," alisema Najat na kucheka. "Simu ya vitufe ikianguka unaiokota unaendelea kuongea. Bunduki ya magazini nikiifungua nakuta springi na vyuma vidogo vidogo. Kikivunjika kimoja, naagiza, nasubiri, na mwenye bunduki ananisubiri mimi. Hii ya risasi moja, kitu kikivunjika nakichonga mwenyewe kwa tupa. Ndiyo maana utakuta bunduki ina umri mkubwa kuliko mwenye nayo."

Kuna mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyenunua bunduki mpya ya risasi tano akaenda kuwinda kwa kibali upande wa Simiyu. Aliporudi alipita Mabatini kuuliza kama anaweza kupata "ile ya wazee". Alikuwa amemaliza risasi zote tano kwa nguruwe pori mmoja, na nguruwe akaondoka akiwa mzima, pengine akicheka.

"Ukijua una tano, ya kwanza unaitupa," alieleza Luhaga asubuhi ile, akiwa bado ana furaha. "Ukijua una moja, unatembea. Unasogea. Unakaa. Unamtazama mnyama mpaka umjue tabia. Mara nyingi unamaliza kumtazama, unaona huyu si wa kupigwa, unarudi zako nyumbani na risasi yako mfukoni. Mimi risasi moja nimewahi kutembea nayo mwaka mzima."

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililomfanya mwandishi arudi Mabatini tena na tena.

Nyumbani kwa Luhaga, mtu haingii na bunduki hivihivi. Akirudi, anasimama ukingoni mwa uwanja, anaikunja bunduki, anatoa risasi, kisha anaipeleka ikiwa imekunjwa hadi kwa aliyesimama mlangoni. Aliye mlangoni anachungulia ndani kuelekea angani. Akiona mwanga umepita safi mwanzo hadi mwisho, anasema, "Mwangaluka." Hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, lakini kwenye mlango huo inasemwa hata jua likiwa limezama. Mwenye bunduki anaitikia, "Mwangaluka," ndipo anaingia. Luhaga alikuta baba yake akifanya hivyo. Miaka mingi aliyekuwa akichungulia ni mke wake. Tangu mama huyo afariki, kazi hiyo ni ya Dorotea.

"Sasa niambie," alisema mzee, "kwenye hiyo ya magazini atachungulia wapi?"

Siku mbili zilizofuata Najat alizitumia kuondoa mafuta ya sangara. Ni kosa analokutana nalo sana kwenye bunduki zinazotoka kandokando ya ziwa, na hawalaumu wenye nazo. Huku mafuta ya sangara hayanunuliwi kwa bei ya kutisha, yapo kila nyumba, na kweli yanang'arisha chuma. Tatizo ni kwamba hayabaki kuwa mafuta. Yanakauka, yanaganda tabaka juu ya tabaka kama utomvu wa mti, na unyevu unajificha chini yake. Kwa nje bunduki inameremeta. Kwa ndani inaliwa.

Alipofika kwenye chemba, yaani pale risasi inapolala, chini ya utomvu alikuta kutu. Chini ya kutu aliona kitu kilichomfanya azime redio.

Alipaka mafuta ya taa, akasubiri, akafuta hadi pakakauka, kisha akapaka unga wa chaki. Ni njia aliyorithi kwa baba yake. Chuma kizima kinabaki cheupe. Chuma chenye ufa kinatoa mafuta yaliyojificha, na chaki inachora mstari. Mstari ulijichora, mwembamba kuliko unywele, kutoka kwenye chemba kwenda mbele.

"Nikafuta, nikarudia. Nikafuta tena, nikarudia," anasema. "Nilikuwa naiomba ile chaki iniambie uongo."

Alikuwa na sababu ya kuomba. Kitako cha bunduki hiyo kilichongwa na Lukman kwa mninga, na Najat anakikumbuka vizuri kwa kuwa msasa wa mwisho aliupiga yeye akiwa msichana. Chini ya raba inayofunika mwisho wa kitako ipo nyota ndogo iliyochomwa kwa msumari wa moto, alama ya baba yake. Kazi za Lukman zenye nyota zilizobaki zinazidi kupungua. Kila moja inayoingia karakana, Najat anaipokea kama ndugu aliyetoka safari.

Ijumaa Luhaga na Dorotea walikuja mapema. Najat aliwaonyesha chaki. Alieleza kwamba bunduki hiyo ikipigwa tena inaweza kumpasukia mzee usoni, na kwamba ufa wa mahali pale hauzibwi. Hawezi kusema ni salama.

Luhaga aliutazama mstari muda mrefu. Kisha alisema, "Lukman angeipitisha."

"Niliumia," anasema Najat. "Siwezi kukudanganya, niliumia sana. Huyu ni mzee aliyekula na baba yangu kwenye sinia moja. Nikamwambia, mzee wangu, baba angeipitisha kama angekuwa anataka kuja kwenye msiba wako."

Mzee alisimama, akachukua fimbo yake, akatoka bila kuaga. Najat alimfuata kwa sauti, "Shikamoo, mzee," akitumaini kwamba hata mwenye hasira haachi shikamoo idondoke chini. Ilidondoka.

Dorotea alibaki mlangoni. Alizungumza harakaharaka, akitazama barabarani baba yake alikoelekea. Ule unyusi haukuungua kwa mkaa, alisema. Januari mzee alipiga juu kufukuza viboko, na moto ukarudi nyuma ukamlamba uso. Aliwakataza watu wa nyumbani wasiseme.

Halafu akasema la pili, ambalo anasema lilimkaa kooni miezi yote hiyo. Jioni ile baba yake aliporudi, Dorotea alipochungulia kwenye mtutu aliona kitu kama uzi mweusi pembeni ya mwanga. Alikiona tena siku nyingine, na nyingine, hadi mafuta mapya ya sangara yalipokifunika.

"Nilisema mwangaluka hivyohivyo," Dorotea alimweleza mwandishi baadaye, nyumbani kwao, akipepeta mchele. "Baba alikuwa amesimama pale amechoka, anasubiri. Ningesemaje? Bunduki ile ndiyo inamfanya aitwe mtu kijijini. Nikajiambia ni uchafu tu. Kila siku nikawa nasema uongo kwa salamu."

Bunduki ilikabidhiwa polisi pamoja na taarifa ya Najat, kama utaratibu unavyotaka. Kabla ya hapo aliomba ruhusa kwa askari anayehusika na silaha abaki na kitako, kwa kuwa hicho ni mbao tu. Askari alikigeuza mkononi, akasema mbao nzuri, akamrudishia.

Msimu ule wa mpunga ulikuwa mgumu. Watu wa kijiji walilinda mashamba kwa debe na tochi. Luhaga anakadiria kwamba robo ya mpunga wake ililala chini kwa kukanyagwa, na kwa jirani zake walio karibu zaidi na maji ilikuwa zaidi ya hapo. Mnadani, mahali ambapo habari husafiri haraka kuliko ng'ombe, mzee alikuwa akisema kwamba fundi wa Mabatini anaua bunduki.

Maneno yalifika mjini. Mei na Juni hakuna bunduki hata moja iliyotoka upande ule kwenda kwa Najat. Alinoa visu. Mume wake alimwambia kwa utani kwamba sasa anaweza kuitwa fundi wa mishikaki. Alicheka, lakini anakiri kwamba kuna siku alikitoa kile kitako kabatini, akaitazama nyota, akajiuliza kama kweli baba yake angesema alivyosema yeye.

"Ulipata jibu?" mwandishi alimuuliza.

"Nilipata njaa, nikaenda kupika," alijibu. Kisha akaongeza: "Angesema hivyohivyo. Ila yeye angesema kwa upole zaidi. Yale maneno ya msiba yalikuwa makali."

Wakati huohuo nyumbani kwa Luhaga mambo yalikuwa yakigeuka. Mwanawe, Elias, dereva wa lori, alijitolea kumchangia baba yake anunue bunduki ya magazini. Walienda pamoja kuiangalia kwa muuzaji mwenye kibali. Luhaga aliishika, akaisifu, akauliza mtu wa mlangoni achungulie wapi. Muuzaji alimwambia hakuna haja ya kuchungulia, kuna kitufe cha usalama. Mzee alimrudishia bunduki yake kwa heshima na kumwomba mwanawe amrudishe nyumbani.

Jambo lililombadilisha hasa, anasema, aliliona shambani. Jioni moja mwezi Mei viboko wawili walikuwa wamepanda hadi kwenye majaruba ya mpunga. Watu walikimbia, naye akiwamo. Dorotea alibaki juu ya tuta, mbali kiasi cha kutosha kujiokoa, na debe lake. Hakupiga kelele ovyo. Alisubiri kiboko mkubwa ageuze kichwa kuelekea ziwani, ndipo akapiga debe, mara moja tu. Kiboko akaendelea kulekule alikokuwa ameshaelekea, na mwenzake akamfuata.

"Nikamuuliza mbona hukupiga tangu mwanzo," anasema Luhaga. "Akaniambia, baba, mwanzoni alikuwa anatazama huku, ningepiga angekuja huku. Hayo ndiyo baba yangu alikuwa ananifundisha kwa viboko vya mkononi, na huyu hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amekaa mlangoni tu, anapokea bunduki na kusikiliza hadithi zangu."

Usiku uleule Dorotea alimweleza baba yake habari ya uzi mweusi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaka kumsimulia mwandishi walichoambiana baada ya hapo.

Wiki iliyopita, asubuhi, Mabatini. Benchi ni lilelile, na watu ni walewale. Luhaga ameingia, na kabla Najat hajafungua kinywa, mzee amesema, "Ile shikamoo yako ya Aprili, nimekuja kuiitikia. Marahaba."

Najat anafuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Wamekuja kwa habari ya bunduki nyingine. Familia moja ya Buswelu ilifiwa na baba aliyekuwa mwindaji, na inataka kuiuza bunduki yake kwa kufuata sheria. Ni ya risasi moja, ya kiwanda kilekile na umbo lilelile. Najat ameshaikagua kwa mafuta ya taa na chaki, na chaki ilibaki nyeupe kote. Kitako chake ndicho kilicholiwa na mchwa, hakifai hata kwa kuni. Cha Lukman kinaingia pale kama kimezaliwa hapo, kikipunguzwa kidogo tu kwa patasi.

Anakitoa kabatini, mbao tupu isiyo na chuma, anamwendea Luhaga na futi ya kitambaa. Hapa hakuna kitako kinachofungwa kabla bega halijapimwa. Baba yake alikuwa akisema bunduki ni kama kiatu, ya kuazima itakuumiza.

Luhaga anarudi nyuma hatua moja. "Usinipime mimi," anasema. "Mpime huyu."

Dorotea anasimama. Inaonekana walikwishazungumza, kwa sababu hashtuki, lakini anaweka mkoba chini kwa uangalifu wa mtu anayetaka mikono yake iwe na kazi. Maombi yake ya kumiliki silaha yameshapita kwenye mkutano wa kijiji na kwenye kata. Yanasubiri kamati ya wilaya. Kijijini wapo waliouliza kama hakuna mwanaume. Luhaga anasema aliwajibu kwamba wanaume wapo wengi, ndio wale waliokimbia, na wa kwanza wao alikuwa yeye.

Najat anamkunja Dorotea mkono, anapima kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Anamwekea kitako begani, anamwambia afumbe macho, ayafumbue, atazame kalenda iliyo ukutani. Anarudia upande wa pili wa mlango penye mwanga zaidi. Kisha anakigeuza kitako chini juu.

"Ni kirefu," anasema. "Kinataka kutolewa upana wa vidole viwili."

Anaifungua ile raba ya mwishoni. Nyota ya Lukman ipo pale, nyeusi, ndogo, na iko ndani ya hivyo vidole viwili vya kukatwa.

Kwa mara ya kwanza tangu mwandishi aanze kuja hapa, Najat hana la kutania. Amewahi kukarabati kazi za baba yake, amewahi kuzipaka rangi na kuzing'arisha. Hajawahi kuikata hata moja. Luhaga naye anaiona nyota. Anafungua kinywa, labda kusema basi, labda kutafuta njia nyingine, na Dorotea anamgusa mkono.

"Baba alikipima kwa bega la mzee," Najat anasema hatimaye, bila kumsemesha mtu fulani. "Mzee mwenyewe ameshasema si lake tena."

Anakifunga kitako kwenye jiliwa, anazungushia kipande cha blanketi mninga usiumie. Anachora mstari kwa penseli. Anachukua msumeno wa meno madogo, na harufu ya mninga uliokaa miaka mingi inaijaza karakana, ikichanganyika kwa mbali na ya sangara. Kipande kinapodondoka anakiokota, anapuliza unga wa mbao, anamkabidhi Luhaga. Mzee anakitia mfuko wa shati, ule uliokuwa ukikaa risasi.

Kazi iliyobaki ni ya wiki mbili: kuingiza mbao kwenye chuma, msasa, na mafuta, yale ya kwenye kopo. Dorotea ameahidi kwamba nyumbani kwao sangara atabaki kwenye chungu. Bunduki yenyewe haitatoka kwenye kabati la chuma la karakana hadi kibali kitoke, na Najat anasema hata kikichelewa mwaka hatamkabidhi mtu kwa kumwonea huruma.

Akiulizwa anatarajia nini, Najat hataji karakana kubwa wala mashine mpya, ingawa zote angezipokea. Anasema siku Dorotea atakapokuja na kibali, atapasha msumari moto na kuchoma alama yake pale palipokatwa. Miaka tisa amekuwa akitoa kazi bila alama, kwa kuwa moyoni aliziita kazi za baba.

"Alama gani sijajua," anasema. "Lakini hii ni ya kwanza kumpimia mwanamke, nayo imekatwa kwa mkono wangu. Hii ni yangu."

Luhaga, ambaye sasa ni mkulima asiye na bunduki, naye ana mpango wake. Amekwisha kuchagua kigoda na kukiweka karibu na mlango wa nyumba yake.

"Mimi nitakaa pale," anasema. "Atarudi, atasimama kwenye ukingo wa uwanja, ataikunja. Nitachungulia. Macho yangu si mazuri sana siku hizi, lakini mwanga nauona."

Anamgeukia binti yake.

"Na nikiona uzi mweusi, sisemi mwangaluka."

"Usiseme, baba," Dorotea anamjibu.